MATIBABU YA BURE NA GHARAMA ZAKE

Na mwanafunzi wa Kidato cha Sita

Muhula uliopita, katika chama chetu cha mijadala, tulijadili hoja hii: "Matibabu katika nchi yetu ya Uganda ni ya bure." Upande wa kwanza ulisema ni kweli, maana hospitali za serikali hazitozi ada. Upande wa pili ulisema si kweli, maana hakuna mtu kijijini aliyepata kuugua sana bila kuuza kitu. Kura zilipohesabiwa, upande wa kwanza ulishinda kwa kura tatu. Mimi nilikuwa msemaji wa upande ulioshinda, kwa kuwa ndiko nilikopangwa. Lakini nilirudi bwenini bila furaha, kwa sababu niliyajua yaliyotupata nyumbani siku za korona. Katika makala haya nataka kueleza jinsi pande zote mbili zilivyosema kweli.

Kwanza tulielewe neno lenyewe "bure". Kabla ya mwaka 2001, mgonjwa aliyefika katika hospitali ya serikali alitakiwa kulipa ada. Mwezi wa Machi mwaka ule ada hizo ziliondolewa, isipokuwa katika wodi za kulipia za hospitali kubwa. Matokeo yalionekana upesi. Watu waliokuwa wakiugulia nyumbani walianza kwenda kutibiwa, na walioongezeka zaidi ni maskini. Kwa hiyo mtu asidhani ya kuwa nalidharau jambo lile. Lilikuwa jema, na bado ni jema.

Lakini ada ya dirishani ni sehemu moja tu ya gharama za ugonjwa. Ziko nyingine nne.

Ya kwanza ni njia. Kijijini tuna wahudumu wa afya wa kujitolea. Juu yao kuna vituo vya afya vya daraja la pili, la tatu na la nne, kisha hospitali za wilaya, hospitali za rufaa za mikoa, na mwisho hospitali ya taifa ya Mulago mjini Kampala. Kituo kinachotakiwa kuwa na daktari na chumba cha upasuaji ni kile cha daraja la nne. Kwetu, katika milima ya Kigezi, kukifikia ni mwendo wa saa tatu kwa miguu, kushuka na kupanda. Boda boda hufika upesi, lakini hulipwa, na usiku hulipwa mara mbili.

Ya pili ni dawa. Dawa za serikali hutoka katika bohari kuu, na hupelekwa vituoni kwa awamu, kila baada ya miezi miwili. Zikiisha kabla ya awamu nyingine, muuguzi hana la kufanya ila kuandika jina la dawa katika karatasi, nawe uende ukainunue dukani.

Ya tatu ni mwangalizi. Mgonjwa aliyelazwa huhitaji mtu wa kumpikia, kumfulia na kulala karibu naye. Mtu huyo naye hula, tena hununua kuni na sabuni mahali ambapo hana shamba.

Ya nne ni kazi iliyoachwa nyumbani. Mwangalizi akikaa hospitalini majuma mawili wakati wa kupanda viazi, gharama yake haionekani siku ile. Huonekana wakati wa kuvuna.

Katika mwaka wa kawaida gharama hizi huijia nyumba moja leo na nyingine mwezi ujao, nasi huzibeba kwa kukopeshana. Janga huzileta zote pamoja, katika nyumba nyingi, siku zile zile. Wala hakuna jirani wa kumkopa, maana naye ana mgonjwa wake. Hii ndiyo tofauti kubwa kati ya ugonjwa na janga.

Sasa nieleze yaliyotokea. Shule zote nchini zilifungwa tarehe 20 Machi 2020, nami nilikuwa Kidato cha Pili, mwenye umri wa miaka 14. Kesho yake mgonjwa wa kwanza wa korona alitangazwa. Kabla ya mwezi kwisha, mabasi na teksi zilikatazwa, kisha na magari ya watu binafsi. Boda boda zikaruhusiwa kubeba mizigo tu, si abiria. Kuanzia saa moja jioni hakuna aliyeruhusiwa kutoka nje. Mwenye mgonjwa alitakiwa kupata kibali cha gari kutoka kwa mwakilishi wa Rais wilayani.

Amri hizi zilikuwa na maana yake, kwa kuwa ugonjwa ule husafiri pamoja na watu. Lakini kwetu ofisi ya kibali ilikuwa mbali kuliko kituo cha afya chenyewe. Baadaye Rais alitangaza kwamba wanawake wajawazito hawahitaji kibali. Dada yake baba alishikwa na uchungu usiku mmoja wa mwezi wa Aprili, kabla ya tangazo hilo.

Hapa hapana budi niwaeleze wasomaji wa mikoa mingine habari za engozi. Engozi ni machela iliyosukwa kama kikapu kirefu na kufungwa kwenye miti, ambayo wanaume wanne huibeba mabegani. Ni jina la machela, na pia ni jina la chama. Katika kijiji chetu kila nyumba ni mwanachama. Mgonjwa akitangazwa, kila nyumba hutoa mtu wa kubeba, na nyumba isiyotoa mtu hutozwa faini. Tangu boda boda zilipoingia, engozi yetu ilikuwa ikining'inia chini ya paa la mwenyekiti, nasi vijana tuliiona kuwa kitu cha zamani.

Usiku ule iliteremshwa. Ikazuka shida nyingine: amri ilikataza watu zaidi ya watano kukusanyika. Wabebaji ni wanne, na katika milima yetu huhitajiwa wanne wengine wa kuwapokea. Mwenyekiti alifikiri kidogo, akasema, "Wanne wabebe, nami niwe wa tano. Ninyi wengine fuateni mbali, kama watu msiojuana nasi." Nilifuata na hao wa nyuma, nikishika tochi. Tulifika karibu na mapambazuko. Ada hatukuulizwa, maana ilikwisha kuondolewa. Tuliulizwa glavu, pamba na karatasi ya plastiki ya kutandika, nasi hatukuwa navyo, na maduka yalikuwa yamefungwa. Muuguzi alitupa vya akiba yake, tukamlipa asubuhi. Mtoto yule sasa ana miaka mitano, na babu alimwita Engozi kwa utani mpaka mwisho wa maisha yake.

Mwisho huo ulikuja mwaka uliofuata. Mwezi wa Juni 2021 wimbi la pili la korona lilikuwa kali kuliko la kwanza. Shule zilifungwa tena, na kutoka tarehe 18 mwezi ule magari yakasimamishwa tena. Babu alianza kukohoa. Siku ya tano hakuweza kumaliza sentensi bila kupumzika. Alihitaji oksijeni.

Wengi husema oksijeni ilikuwa ghali kwa sababu ya tamaa tu. Tamaa ilikuwako, lakini tufanye hesabu. Mtungi mkubwa hushika lita 6,800 hivi. Mgonjwa anayepewa lita 10 kwa dakika huumaliza kwa dakika 680, yaani muda wa saa 11 na dakika 20. Kwa siku moja basi atahitaji mitungi miwili na zaidi. Wagonjwa ishirini watahitaji zaidi ya mitungi arobaini, kila siku. Mitungi hiyo hujazwa kwa mtambo unaotumia umeme, kisha husafirishwa kwa lori. Hospitali za rufaa za mikoa zilikuwa na mitambo yake, lakini ilijengwa kwa mahitaji ya siku za kawaida. Katika wimbi lile mahitaji yaliipita.

Ndivyo ilivyotupata sisi. Katika hospitali ya bure tuliambiwa vitanda vyenye oksijeni vimejaa, tusubiri. Katika hospitali moja ya watu binafsi kitanda kilikuwako, lakini tulitakiwa kuweka mamilioni ya shilingi kabla babu hajapokewa. Sokoni mtu hulinganisha bei, akakataa na kwenda zake. Mtu ambaye baba yake anakosa pumzi halinganishi bei. Ndiyo sababu mwaka ule ule watetezi wa haki ya afya walikwenda Mahakama Kuu mjini Kampala, wakitaka serikali isimamie ada za kutibu korona.

Baba aliuza ng'ombe. Siku ya sita aliuza shamba la bondeni, nusu ya bei yake, maana wauzaji walikuwa wengi na wanunuzi wachache. Babu alifariki siku ya kumi. Deni lililobaki lilimalizika kulipwa mwaka 2023.

Simlaumu mtu. Wauguzi wa mahali pote pawili walifanya kazi kupita nguvu zao. Nataka tu tuone ya kuwa matibabu hayawi bure kamwe; hulipwa daima. Swali ni nani anayelipa, na analipa lini. Mwenye mgonjwa akilipa peke yake, siku ile ile ya ugonjwa, hulipa kwa shamba. Watu wengi wakilipa pamoja, kabla ya ugonjwa, kila mmoja hulipa kidogo.

Jambo hili si geni kwetu. Engozi ni hilo hilo, ila hulipwa kwa mabega badala ya fedha. Hospitali ya misheni ya Kisiizi, iliyoanzishwa mwaka 1958 na iko katika milima hii hii, ililiona hilo. Mwaka 1996 ilianzisha bima ya afya kwa kutumia vyama vya engozi. Nyumba hulipa mchango kwa kipindi, na mgonjwa akifika hulipa sehemu ndogo tu. Lakini hapokewi mtu mmoja mmoja. Sehemu kubwa ya nyumba za chama hazina budi kuingia pamoja. Sababu yake ni hii: wakiingia wagonjwa peke yao, sanduku litakauka mara moja. Wazima ndio wanaolijaza.

Jirani zetu wa Rwanda walianza majaribio ya bima za namna hii mwaka 1999, na Byumba, iliyo ng'ambo ya mpaka wetu, ilikuwa miongoni mwa sehemu za kwanza. Mwaka 2008 wakaifanya kuwa sheria kwa nchi nzima. Hapa Uganda, Bunge lilipitisha muswada wa bima ya afya ya taifa mwezi wa Machi 2021, miezi mitatu kabla ya babu kuugua, lakini haukutiwa sahihi kuwa sheria.

Tusidanganyane kwamba bima ni dawa ya kila kitu. Bima haitengenezi oksijeni mahali pasipo na mtambo, wala haiendeshi gari lililokatazwa barabarani. Mitambo, barabara na wauguzi ni kazi ya serikali, kwa kodi zetu. Lakini bima ingelilinda shamba la bondeni.

Shule zilipofunguliwa tarehe 10 Januari 2022, ada yangu haikuwako. Ng'ombe yule ndiye aliyekuwa ada yangu. Chama cha engozi kilifungua sanduku lake na kumkopesha baba ada ya muhula mmoja, na kwa sababu hiyo naandika makala haya nikiwa shuleni. Tangu hapo, kila likizo, mimi ndiye mwandishi wa daftari la chama. Tunakusanya mchango ili siku moja tuingie katika bima.

Likizo iliyopita wazee wawili walisimama mkutanoni. Walisema nyumba zao hazijapata mgonjwa kwa miaka mitatu, kwa hiyo warudishiwe fedha zao. Watu walikaa kimya, wakanitazama mimi kwa kuwa nimesoma. Niliwajibu ya kuwa machela yetu ilining'inia chini ya paa miaka mingi bila mgonjwa ndani yake, wala hakuna aliyekwenda kudai mti wake. Mmoja wao alikaa. Wa pili bado anadai, na jambo lake litaamuliwa mkutano ujao.

Msomaji ambaye kwao kuna chama kinachokusanya fedha za ugonjwa, namwomba aandike katika toleo lijalo atueleze wanavyowajibu watu wa namna hii. Nitasoma kwa makini, maana mkutano wetu uko karibu.