Mashine ya Kusagia Nyama: Ipi Yafaa Nyumbani?

Mama yangu amebakiwa na meno manne, na katika hayo manne hakuna mawili yanayokutana. Kwa muda mrefu mimi na mke wangu hatukulifikiri jambo hilo. Kila Jumapili tulipopika nyama, Mama alipokea sahani yake, akashukuru, akanywa mchuzi, kisha vipande vya nyama akawagawia wajukuu mmoja mmoja. Nasi tukasema, "Bibi anawapenda sana wajukuu wake." Siku moja binti yetu wa darasa la pili akasema mbele ya wote, "Bibi hatupi kwa sababu ya kutupenda. Hawezi kutafuna." Mama akacheka, lakini nilimwona ameinamisha macho.

Basi hapo ndipo nilipoanza kutafuta mashine ya kusagia nyama. Naandika habari hizi kwa kuwa katika kutafuta huko nilipata hasara ambayo wewe msomaji waweza kuiepuka.

Labda utauliza, kwa nini usisagiwe buchani? Zipo bucha zenye mashine ya umeme, na ukienda asubuhi mapema, mashine ikiwa imeoshwa vizuri, hapana neno. Lakini ukienda saa sita, nyama yako hupita katika mabaki ya nyama ya mtu mwingine, nawe hujui ile ilikaa hapo tangu lini. Tena sisi tunaokaa mbali na mji wa Lushoto hatuwezi kushuka kila mara kwa ajili ya nusu kilo. Wengine huchukua kisu wakakatakata nyama juu ya ubao hata ikawa laini. Njia hiyo ni njema, nami siidharau, ila mke wangu aliijaribu majuma mawili akaniambia nizoee mwenyewe.

Wasambaa tangu zamani hatukuidharau nyama. Kila mtoto wa milima hii husimuliwa habari za Mbegha, yule mwindaji aliyetoka Nguu, aliyewapa watu nyama ya porini, nao wakampa chakula cha shamba, hata mwisho wakamfanya mfalme pale Vuga. Sijasikia wakisimulia kwamba wazee wasio na meno walifanyiwa nini siku zile. Nadhani walikunywa mchuzi kama Mama.

Mashine yangu ya kwanza niliinunua dukani kwa shilingi 35,000. Iling'aa kama kioo, ilikuwa nyepesi, na mwenye duka alinihakikishia kuwa ni chuma kitupu. Nilipofika nyumbani nikakuta jiriwa lake, yaani ile sehemu inayobana meza, hufunguka sentimita 4 tu, na ubao wa meza yetu una unene wa sentimita 5. Mimi nimesoma chuo cha ualimu, nimewafundisha watoto kupima kwa rula, wala sikupima meza yangu mwenyewe! Ikabidi tuifunge kwenye benchi, na anayezungusha apige magoti.

Hayo si kitu. Baada ya kuitumia mara ya kwanza, mke wangu aliiosha kwa jivu, kama tunavyosugua sufuria zote. Mara ya pili nyama ilitoka na michirizi ya rangi ya kijivu. Tukasugua tena kwa jivu, ikazidi. Mama aliila nyama ile bila kusema neno. Hata mwezi wa nne, tuliposaga nyama ya mbuzi yenye kano nyingi, mguu wa mashine ukapasuka, na shilingi zangu 35,000 zikaishia hapo.

Nilimwendea mzee mmoja aliyepata kuwa mpishi wa nyumba ya wageni miaka mingi. Baada ya kumwamkia nikamwonyesha vile vipande. Akavipima mkononi, akacheka.

"Mwalimu," akasema, kwa maana wazee huniita Mwalimu ijapokuwa kazi yangu ni ukarani wa parokia, "wewe ulinunua kioo, hukununua mashine."

Akanieleza kwamba ile haikuwa chuma bali alumini. Alumini hupatana vibaya na jivu na magadi, maana vitu hivyo huila. Huwa nyeusi na kuacha unga wa kijivu unaoshika kila kitu. Kwa hiyo kosa la rangi lilikuwa letu kwa sehemu. Lakini kosa la kunidanganya kwamba ni chuma halikuwa letu.

Yafaa kwanza tujue mashine hii hufanyaje kazi, kwa sababu asiyejua hawezi kuichagua. Ndani mna parafujo kubwa. Ukizungusha mkono, parafujo huisukuma nyama mbele hata ifike kwenye kisu chenye mabawa manne. Kisu huzunguka pamoja na parafujo, nacho hulala juu ya bamba la duara lenye matundu. Bamba lenyewe halizunguki, kwa kuwa lina pengo dogo linaloshikwa na kijino kilicho mdomoni mwa mashine. Nyama huingia katika matundu, na kisu huikata hapo hapo. Kwa nje hufungwa pete kubwa ya kukaza. Basi, kazi yote ni ya kisu na bamba kugusana sawasawa, kama pande mbili za mkasi. Zikiachana hata kidogo, nyama haikatwi, husetwa, nayo hutoka kama uji na maji yake yakiwa yamebaki nyuma. Watu wengi hulaumu mashine kumbe wamekiweka kisu kinyume: upande ulio bapa na wenye makali hutazama bamba, siyo ndani.

Mzee akanifundisha namna ya kujaribu dukani. Toa kisu na bamba, vilaze pamoja, kisha viinue mbele ya mwanga wa mlangoni. Ukiona mwanga ukipita katikati yao, rudisha. Mwenye duka akikataa usiifungue mashine, usinunue kwake. Tena chukua sumaku, hata ile ya spika ya redio iliyokufa. Chuma cha kusubu hunaswa na sumaku, alumini hainaswi. Ziko pia mashine za chuma kisichoshika kutu, ambazo nyingine sumaku haizinasi. Hizo ni nzuri sana lakini bei yake ni kubwa, nawe utazitambua kwa uzito. Mashine ya alumini huinuka mkononi kama kikombe, ya chuma huelemea.

Halafu tazama namba iliyopigwa ubavuni. Namba hiyo si ya urembo. Namba 5 ina bamba la upana wa milimita 54 kadiri hivi, namba 8 milimita 62, namba 10 milimita 70, namba 22 milimita 82, na namba 32 hufikia kama sentimita 10. Mbili za mwisho ni za bucha na mahoteli. Kwa jamaa ya watu sita au saba namba 8 yatosha kabisa, na mwenye nyumba ya wageni wengi achukue namba 10. Mashine isiyo na namba yoyote iogope, maana siku bamba litakapoharibika hutajua la kununua. Mabamba hutofautiana matundu pia: la milimita 3 hutoa nyama laini ya mgonjwa na mzee, la milimita 6 au 8 ni la nyama ya kuunga na maharage au kutia ndani ya sambusa. Mashine ije na mabamba mawili walau.

Pima jiriwa, na pima meza yako kabla hujatoka nyumbani. Tazama tena kama mkono wa kuzungushia hautagonga ukingo wa meza unapozunguka, na kwamba ni mrefu. Mkono mrefu humpunguzia mama nguvu. Zile za plastiki zinazojishikiza kwa kunyonya meza ziache kabisa. Hizo hushika kioo au marumaru, juu ya ubao wa mkangazi hung'oka kabla hujamaliza konzi ya kwanza.

Na za umeme? Wenye umeme wa kuaminika na kazi nyingi, kama akina mama wanaouza sambusa stendi, wanunue, nami nawaombea faida. Lakini wasome karatasi yake: nyingi za nyumbani zimepewa dakika chache tu za kufanya kazi mfululizo, kisha hutaka kupumzika. Nyingine zina meno ya plastiki ndani, ambayo kano moja ngumu huyavunja, na fundi wa kuyapata hayuko karibu. Tena umeme ukikatika nyama imo nusu njiani, utakaa ukiitazama. Kwa mtu wa nusu kilo kwa juma naona ni gharama bure.

Ulaya mashine za mkono zilitengenezwa vizuri sana zamani. Husemwa kwamba aliyeibuni ni Karl Drais, Mjerumani yule yule aliyetengeneza mwaka 1817 gari la magurudumu mawili lililokuwa babu wa baiskeli. Alikuwa ofisa wa misitu. Kwa hiyo wenzetu wa Magamba na Shume wasikate tamaa. Majina kama Spong wa Uingereza na Alexanderwerk wa Ujerumani bado yaonekana kwenye mashine kuukuu, nazo mara nyingine ni bora kuliko mpya. Ya kwangu ya pili niliikuta Korogwe katika vyuma vya zamani: namba 8, chuma cha kusubu, imepakwa bati ambalo limelika mahali mahali. Kisu kilikuwa butu na mdomo una kutu. Nililipa chini ya nusu ya bei ya ile ya kwanza.

Kuisafisha kulinichukua Jumamosi nzima. Niliisugua kutu kwa brashi, nikaichemsha kwa maji na sabuni, nikaikausha jikoni. Kisu na bamba nilivinoa kwa kuvisugua bapa juu ya msasa laini uliolazwa kwenye kioo cha dirisha, polepole, kwa mviringo, hata vikang'aa pande zote sawa. Kisha nikasaga vipande vya mafuta ya ng'ombe na mkate mkavu, nikavitupa, nikasaga tena hata vikatoka vyeupe. Angalia, usinunue mashine kuukuu iliyopakwa rangi ndani, wala yenye ufa, hata ikiwa ya bure.

Kuitunza ni rahisi, ila hapana uvivu. Huku kwetu ukungu huingia hata kabatini, na chuma kilichoachwa na maji usiku mmoja asubuhi kina kutu. Ukimaliza kusaga pitisha kipande cha mkate mkavu kisukume mabaki. Ifungue yote, ioshe kwa maji ya moto na sabuni, bila jivu wala mchanga, ifute, iweke karibu na meko ikauke, kisha ipake mafuta ya kupikia kidogo. Nyama nayo huwa njema kusagwa ikiwa baridi, kwa kuwa mafuta yakilainika hujipaka kwenye kisu na kuziba matundu. Hapo sisi wa milimani tunawashinda ndugu zetu wa Mombo: asubuhi ya mwezi wa saba nyama yetu ni baridi bila friji. Ikate vipande vyembamba virefu, na utoe kano zote kwanza.

Nawasihi wazazi jambo moja. Nyama isukumwe kwa mchi mdogo wa mti, kamwe si kwa kidole, na mkono wa mashine ung'olewe na kufichwa mbali na watoto. Parafujo haitambui kidole na nyama.

Tena nyama ya kusaga huiva namna nyingine. Katika kipande kizima vijidudu vingi hukaa juu, na moto huvifikia upesi. Ukisaga, umevichanganya mpaka katikati. Kwa hiyo nunua nyama yenye mhuri wa mkaguzi, isage siku ile ile, uipike siku ile ile, hata ndani pasionekane wekundu. Wenye kipimajoto wafikishe nyuzi 71. Kababu nyekundu katikati si ya kumpa mzee wala mtoto.

Na kama mashine yako itaazimwa na majirani Waislamu, kama ilivyo kwetu, usisage nyama ya nguruwe humo. Mbegha alikuwa mwindaji wa nguruwe, lakini hakuwa na mashine ya kuazimisha.

Jumapili ya kwanza mke wangu alitengeneza kababu kwa bamba la milimita 3, kitunguu, karoti na pilipili manga kidogo. Mama alipewa sahani yake kama siku zote. Wajukuu wakanyoosha mikono kwa mazoea. Mama akaitazama ile mikono, akaivuta sahani karibu naye, akala kababu tatu zote, kisha akauliza kama zimebaki nyingine jikoni.