Moyo Mkubwa wa Mkimbiaji

Mwaka 1899 daktari wa Sweden, Salomon Henschen, aliwapima washindani wa mbio za kuteleza kwenye theluji kwa kuwagonga kifua kwa vidole. Penye mapafu mlio huvuma. Penye moyo hufifia. Kwa njia hiyo tu alitambua kuwa mioyo yao ilikuwa mikubwa kuliko kawaida, naye akashikilia kuwa ukubwa huo unawafaa. Madaktari wengi waliendelea kuuona kama ugonjwa kwa miaka mingi.

Henschen alikuwa sahihi. Mtu akikimbia masafa marefu, misuli ya miguu hurudisha damu kwa wingi moyoni, na chumba cha chini cha kushoto, kile kinachosukuma damu mwilini, hulazimika kutanuka kuipokea. Mazoezi yakiendelea kwa miezi na miaka, chumba hicho hubaki kipana na ukuta wake hunenepa kiasi. Pigo moja la mtu wa kawaida aliyetulia hutoa mililita 70 hivi. La mkimbiaji aliyeiva hupita 100. Ndiyo maana akiwa amekaa moyo wake waweza kupiga mara 45 tu kwa dakika na bado mwili ukapata lita zake 5.

Wengi hudhani bingwa ana moyo wenye kasi kuliko wetu. Sivyo. Kijana wa miaka 20 akijitutumua hufikia mapigo 200 hivi kwa dakika, awe bingwa au asiwe. Ila wa kawaida hapo husukuma kama debe moja la damu kwa dakika, na bingwa hukaribia madebe mawili.

Faida hii haikai bila kutunzwa. Mwaka 1966, huko Dallas, Marekani, vijana 5 walilazwa kitandani wiki 3. Uwezo wao wa kutumia oksijeni ulishuka kwa zaidi ya robo, hasa kwa kuwa kila pigo la moyo lilitoa damu kidogo. Walipopimwa tena miaka 30 baadaye, uzee ulikuwa haujawapokonya kiasi hicho.

Lakini upo ugonjwa wa kurithi unaonenepesha ukuta wa moyo, na kwa macho mgonjwa hatofautiani na mwanariadha mzima. Kwa hiyo, makocha, kijana akizimia katikati ya mazoezi, akilalamikia maumivu ya kifua, au ikiwa nduguye alifariki ghafla angali kijana, msimrudishe uwanjani kabla hajapimwa moyo hospitalini.