Kijiwe Kilichoshuka kutoka Angani

Kimbunga kinabomoa hekalu dogo la kijijini, na pale lilipokuwa panabaki shimo lisilo na kina kinachopimika. Mtu mmoja anaita ndani, kimya. Anatupa kijiwe, hakisikiki kikitua. Basi shimo linageuzwa jalala: taka za nyuklia, nyaraka za siri, hata maiti. Jiji linatakata. Siku moja mfanyakazi aliye juu ya jengo anasikia sauti ikiita kutoka angani, kisha kijiwe kinampita kando.

Shinichi Hoshi, mwandishi wa Kijapani, anaikata hadithi hapo hapo, na msomaji anabaki kuhesabu vitakavyofuata nyuma ya kijiwe.

Hoshi (1926–1997) aliandika zaidi ya hadithi fupi 1,000, nyingine za kurasa chache tu. Wahusika wake aghalabu hawana hata jina, ni Bwana N basi. Mkono mmoja, mambo machache, miisho ya kushtua: kwa mtafiti wa kompyuta, hiyo ni karamu. Mwaka 2012 Hitoshi Matsubara, wa chuo kikuu kimoja mjini Hakodate, alianzisha mradi wa kuzichambua hadithi hizo ili kompyuta nayo ijaribu kutunga.

Kazi ya kwanza ni ya jikoni kabisa. Kijapani hakiachi nafasi kati ya maneno, kwa hiyo programu kama MeCab hukatakata sentensi kwanza, ndipo kuhesabu kunapoanza.

Kuhesabu si tatizo. Kompyuta itaona upesi kwamba kijiwe kimetajwa mwanzoni na mwishoni. Lakini Wajapani huugawa msuko katika hatua nne, mtindo uliotokana na mashairi ya Kichina: kuanzisha, kuendeleza, kugeuza, kufunga. Hiyo ya tatu ndiyo kisiki. Kwamba shimo la ardhini lina mdomo wa pili angani hakuna neno linalolisema; msomaji hulijaza mwenyewe, tena kwa kuchelewa kidogo, na utamu wote umo katika kuchelewa huko.

Mwaka 2016 shindano lenye jina la Hoshi lilipokea maandishi 1,450, kati yake 11 yakiwa yameandikwa kwa msaada wa kompyuta. Moja, lililotoka kwa kikundi cha Satoshi Sato wa Chuo Kikuu cha Nagoya, lilisimulia habari za kompyuta iliyochoshwa na upweke, ikaanza kuandika riwaya na kuacha kuwatumikia wanadamu.

Msuko huo ulipangwa na watu. Kompyuta iliachiwa kuunganisha sentensi.