Mafuta Yaufungapo Mlango wa Sukari

Mwili wa mtu una kuni za namna mbili zichukuliwazo na damu, ndizo sukari na mafuta. Tukiisha kula, kongosho hutoa insulini, nayo huifungulia sukari mlango iingie katika misuli, tena hulizuia ini lisitoe sukari nyingine.

Lakini twaona baadhi ya watu walionenepa mno wana insulini tele, na sukari ingali imezidi katika damu. Sababu yake ni nini? Mwaka 1963 Philip Randle na wenzake, huko Uingereza, walieleza ya kuwa kuni hizi hushindana: misuli ichomapo mafuta, huikataa sukari. Baadaye wataalamu wengine walionyesha ya kuwa mafuta yakizidi ndani ya misuli na ini, amri ya insulini hudhoofika, hata mlango usifunguke sawasawa. Ndipo kongosho hujitaabisha zaidi, na kwa wengine hushindwa. Hapo huingia kisukari cha aina ya pili.

Basi unene usihesabiwe kuwa dalili ya neema tu. Wala tusikate tamaa. Mwaka 2002 ilionekana huko Marekani ya kuwa watu waliokaribia kisukari, walipofundishwa kupunguza uzito kwa asilimia 7 na kutembea dakika 150 kila juma, hatari yao ilipungua kwa asilimia 58. Kwa maana misuli itendayo kazi huipokea sukari hata insulini ikiwa chache. Enyi wazazi na walimu, tuwazoeze watoto kwenda kwa miguu, nasi tuwatangulie.