Wapagazi wa Unyamwezi na Moshi wa Bangi

Kabla ya reli kufika Tabora mwaka 1912, kila kitu kilichotoka pwani kilifika huku kwa mabega na vichwa vya watu. Nguo, ushanga, nyaya za shaba, bunduki na baruti zilipanda bara, na pembe za ndovu zikashuka pwani kwa njia ile ile. Njia kuu ilianza Bagamoyo, ikapita Ugogo, ikafika Tabora, mji ambao wasafiri wa kwanza wa Ulaya waliuita Kazeh. Toka hapo iliendelea mpaka Ujiji, kando ya ziwa la Tanganyika.

Watu waliochukua mizigo hiyo waliitwa wapagazi, na waliosifiwa kuliko wote ni Wanyamwezi. Mzigo wa mtu mmoja ulikuwa kama frasila mbili, yaani kilo 32 hivi. Juu ya mzigo huo alichukua mkeka wake, chungu chake na silaha zake. Posho yake ya siku ilikuwa kibaba kimoja cha nafaka, ikiwa nafaka ilipatikana. Waingereza wawili, Burton na Speke, walitoka pwani mwezi wa Juni 1857, wasifike Kazeh ila tarehe 7 Novemba. Muda huo wote wapagazi walikuwa njiani, katika jua na mvua, wakikanyaga miiba na matope.

Hata hivyo kijana wa Kinyamwezi hakuiona kazi hiyo kuwa ya aibu. Kwenda pwani na kurudi kulikuwa ushahidi wa utu uzima. Kirangozi alitangulia mbele, wenzake wakamfuata mmoja mmoja kwa mstari mrefu, wakiimba ili miguu isisahau kazi yake.

Jioni mizigo ilipotuliwa, watu walikata miti ya kujengea vibanda, wakawasha moto, wakapika. Kisha walikaa kuuzunguka moto. Wengine walivuta tumbaku, wengine walinusa ugoro, na wengine walivuta bangi. Bangi si mmea wa asili wa nchi hizi. Ulitoka Asia, ukavuka bahari ya Hindi pamoja na wafanya biashara, na jina lake pia lilitoka Bara Hindi. Watu waliivuta kwa kiko cha buyu lenye maji ndani yake. Kiko kilipita toka mkono hata mkono, na kila aliyevuta alishikwa na kikohozi kikali. Burton alikisikia kikohozi hicho katika safari yake, akakiandika katika kitabu chake.

Kwa nini walivuta? Mtu aliyetembea tangu alfajiri akiwa na kilo 32 begani hutafuta kitu cha kumsahaulisha maumivu. Usiku wa nyika una baridi, na kibaba kimoja hakishibishi. Tena kuvuta pamoja kulikuwa jambo la urafiki, kama vile kunywa pombe pamoja kijijini. Hizo ndizo sababu zao. Kwamba ziliwafaa kweli au hazikuwafaa, ni neno jingine.

Sasa tusikie hukumu waliyohukumiwa. Msafiri Henry Stanley, ambaye alikaa Kwihara karibu na Tabora mwaka 1871, aliandika kwamba bangi ni adui mkubwa wa nguvu za wapagazi. Alisema kwamba inawaharibu mapafu, na kwamba kwa sababu hiyo wanaanguka njiani mmoja baada ya mmoja, wakishindwa na mizigo. Wengi Ulaya walisoma maneno hayo wakayaamini. Mpagazi akawa, machoni pao, mtu mdhaifu aliyejidhoofisha mwenyewe.

Lakini tukisoma mbele zaidi twaona jambo la kushangaza. Mwezi wa Novemba 1874 Stanley alitoka Bagamoyo tena, akiwa na watu 356. Wengi wao hawakurudi. Katika kitabu chake kilichotolewa mwaka 1878 aliweka orodha ya majina ya waliokufa, na sababu za kufa kwao. Huko twasoma habari za vita, za ndui, za kuhara damu, za njaa, na za watu waliozama mitoni. Basi orodha ya Stanley yatufunza zaidi kuliko hukumu yake. Mtu anayeanguka kwa njaa na homa, aliyevuta bangi na asiyevuta huanguka sawasawa.

Msafiri mwingine, Hermann Wissmann, Mjerumani, alisema maneno mengine kabisa. Mwaka 1881 alipita nchi ya Kasai katika Kongo, kwa watu walioitwa Bashilange. Chifu wao, Kalamba Mukenge, alikuwa amewakusanya wengi katika umoja ulioitwa Bena Riamba, maana yake watu wa bangi. Waliivuta katika mikutano yao iwe alama ya amani na urafiki. Mkosaji alivutishwa bangi mpaka akapoteza fahamu, na hiyo ndiyo iliyokuwa adhabu yake. Wissmann alieleza kwamba watu hao zamani walikuwa wakali, nao sasa wameacha vita na kupokea wageni vizuri. Toka huko aliendelea mashariki, akafika Tabora mwaka 1882. Basi jani ni lile lile, na miaka ni karibu ile ile, lakini hukumu ni mbili. Mmoja alihitaji mizigo yake ifike upesi, akaona uvivu. Mwingine alihitaji njia iwe na amani, akaona upole. Kila mmoja alilipima jani kwa haja yake mwenyewe.

Jambo hili halikutokea Afrika peke yake. Mbali sana, katika milima mirefu ya Peru, huko Amerika ya Kusini, walikaa watu waliotawaliwa na wafalme walioitwa Inka. Watu hao walikuwa na jani lao, jina lake koka. Walilitafuna pamoja na chokaa au majivu, nalo liliwapunguzia njaa na uchovu. Tena walilitoa sadaka kwa miungu yao.

Wahispania walipoishinda nchi hiyo, baadhi ya mapadre na wakuu wao walilichukia jani hilo, wakaliita kazi ya shetani. Lakini mwaka 1545 fedha nyingi ilivumbuliwa katika mlima wa Potosi, na wenyeji wakapelekwa kuichimba. Wachimbaji hawakutaka kuingia shimoni bila koka. Ndipo mfalme Filipo wa Pili alipotoa amri mwaka 1569. Alisema kwamba nguvu ya koka ni udanganyifu wa shetani, walakini haikukatazwa, kwa kuwa iliwasaidia watu wa migodini kustahimili kazi. Biashara ya koka ikawatajirisha Wahispania wengi. Hata zaka ya majani hayo ilichukuliwa na Kanisa: kitabu cha Garcilaso de la Vega, ambaye mama yake alikuwa wa ukoo wa Inka, kilichotolewa mwaka 1609, kinasema kwamba sehemu kubwa ya mapato ya askofu na makanoni wa Cuzco ilitoka katika zaka ya koka.

Wasomaji, angalieni jinsi hukumu hizi zinavyofanana. Huko Peru jani lililaumiwa, na faida yake ikapokelewa. Huku Unyamwezi mpagazi alilaumiwa, na bega lake likatumiwa. Wafanya biashara, wapelelezi, na wamisionari pia, wote walisafiri kwa nguvu za watu hao. Mapadre Weupe walipofika Tabora mwaka 1878, hata vyombo vya Misa vilifika kwa kuchukuliwa na wapagazi. Wahenga walisema, “Mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi.” Asiyeubeba hauoni uzito wake.

Mtu asidhani, kwa maneno haya, kwamba bangi ni kitu chema. Stanley hakukosea katika kila neno. Moshi wake huumiza kifua, kama moshi wa tumbaku. Kwa kijana ina hatari zaidi, kwa maana akili yake ingali inakua. Humharibia kumbukumbu, humvunja moyo wa kujifunza, na wengine huwatia wazimu. Sheria ya nchi yetu inaikataza. Wala mzigo wa mpagazi haukupungua hata ratili moja kwa sababu ya moshi. Asubuhi aliukuta pale pale alipoutua, na kifua chake kikawa kimepungua pumzi. Jani lilimsahaulisha taabu yake, lakini halikumwondolea.

Kilichomwondolea mpagazi mzigo ni reli. Ilipofika Tabora mwaka 1912, na Kigoma mwaka 1914, kazi ya kuchukua mizigo kwenda pwani ilikwisha.

Hili basi ndilo la kukumbuka. Ukimwona mtu ana tabia mbaya, usiifiche tabia hiyo wala usiiite njema. Lakini kabla hujamwita mvivu, tazama amechukua nini begani, na ni nani aliyemtwisha. Mwenye kupima jani, na apime na mzigo.

Maswali

1. Mpagazi alichukua mzigo wa kilo ngapi, na posho yake ilikuwa nini?
2. Kwa nini Stanley na Wissmann walihukumu bangi namna mbili mbali mbali?
3. Mfalme Filipo aliisema koka vibaya, lakini hakuikataza. Eleza sababu yake.
4. Eleza maana ya methali, “Mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi,” kwa mfano wa kijijini kwenu.