Habari za Spesa za Magurudumu katika Magari Makuukuu

Wasomaji wetu wenye magari makuukuu yaendeshwayo kwa magurudumu yote manne bila shaka wameyaona yale mabamba ya chuma ya mviringo yauzwayo katika maduka ya vipuri, ambayo hutiwa kati ya gurudumu na habu ili gurudumu litokeze nje zaidi. Mafundi huyaita spesa. Watu wengine huyasifu mno, na wengine husema ni mauti matupu. Yafaa basi tueleze namna yanavyofanya kazi, ili kila mwenye gari aweze kukata shauri mwenyewe kabla hajatoa fedha zake.

Haja ya spesa hutokea kwa sababu mbalimbali. Mtu mmoja amenunua matairi mapana kuliko yale ya asili, na kila azungushapo usukani hata mwisho, tairi lasuguana na springi. Mwingine amepata kwa bei nafuu rimu za gari la namna nyingine. Land Rover za kale, zile za mfululizo wa kwanza hata wa tatu zilizotengenezwa Uingereza tangu mwaka 1948 mpaka 1985, zina bolti 5 zilizopangwa katika duara yenye kipenyo cha milimita 165.1. Toyota Land Cruiser za namna ya 40, ambazo zilianza kutengenezwa Japani mwaka 1960, zina bolti 6 katika duara ya milimita 139.7. Ni dhahiri ya kuwa rimu ya moja haiwezi kuingia katika nyingine pasipo kitu cha kuziunganisha, na kitu hicho huitwa adapta.

Wa tatu hataki ila gari lake lisimame imara lipitapo ubavuni mwa kilima. Huyo na afanye hesabu kwanza. Katika Land Rover ya mfululizo wa pili, toka katikati ya tairi moja hata katikati ya mwenzake ni milimita 1,308. Akitia spesa ya milimita 30 kila upande, ameongeza milimita 60 tu, yaani hata sehemu moja ya ishirini haikutimia. Kama juu ya paa amefunga magunia mawili ya mahindi na gurudumu la akiba, kuyashusha hayo kutamfaa zaidi, wala hakumgharimu senti.

Spesa zenyewe ni za namna mbili, na tofauti yake ndiyo jambo kubwa katika habari hii. Namna ya kwanza ni bamba tupu lenye matundu. Bolti za habu hupita katika matundu hayo, na ncha zake zinazotokea upande wa pili ndizo zinazolishika gurudumu. Kila unene uliouongeza umeuondoa katika urefu wa bolti. Namna ya pili hufungwa katika habu kwa nati zake, kisha yenyewe ina bolti zake nyingine za kushika gurudumu. Hii huwa nene, maana nati za ndani sharti zizame mwilini mwake. Adapta zote ni za namna hii. Hata hivyo, zikiwa nyembamba kupita kiasi, ncha za bolti za zamani zitachomoza na kuizuia rimu isikae sawasawa. Basi ziangalie kabla ya kununua.

Mwenye kutumia bamba tupu aweza kujipima mwenyewe. Kanuni ya mafundi ni kwamba nati ishike hesi, yaani ile mistari iliyochongwa katika bolti, kwa urefu usiopungua unene wa bolti yenyewe. Katika Land Cruiser niliyoitaja, bolti ina unene wa milimita 12, na nati husogea milimita 1.5 kila izungukapo mara moja. Kwa hiyo yataka mizunguko kamili 8. Land Rover yenye bolti za zamani za inchi 9/16 ina hesi 16 katika kila inchi, nayo yataka mizunguko 9. Izungushe nati kwa vidole huku ukihesabu. Ikikaza kabla ya hapo, bamba hilo halikufai, hata muuzaji akiapa.

Mwandishi wa maneno haya hakuhesabu. Alipanda Landrova ya rafiki yake, watu saba ndani, wakishuka barabara ya vumbi kuelekea Bonde la Ufa. Usukani ulianza kutetemeka, na kila mtu akailaumu barabara. Tuliposimama kunywa maji tukaona nati mbili za gurudumu la mbele hazipo, na ya tatu yaweza kufunguliwa kwa mkono. Hakuna aliyeumia, lakini mteremko ulikuwa bado mbele yetu.

Iko pia habari ya beringi. Waliotengeneza gari walipanga uzito uangukie mahali beringi zinapoweza kuuchukua. Ukilisogeza gurudumu nje, uzito nao husogea. Gurudumu lililobeba kilo 500 likisogezwa milimita 30, nguvu inayozidi ni sawa na kutundika kilo 15 katika ncha ya fimbo ya mita moja, na huzidi tena lipigapo shimo. Beringi nzima zitavumilia kitambo, zilizochoka hazitavumilia. Mbele, kila jiwe litaupokonya usukani mikononi kuliko zamani. Rimu iliyotengenezwa kutokeza nje huleta mzigo uo huo juu ya beringi, lakini angalau haina kiungo cha pili cha kulegea, nami ningeichagua hiyo kama ipatikana.

Atakayeamua kutia spesa na aipigue nyuso za habu na rimu kwa brashi ya waya hata kutu na rangi zitoke, kwa maana rangi husagika na nati hulegea. Tundu la katikati lazima liwe na nafasi ya kutosha kwa kile kichwa cha habu kinachotokeza. Nati ziwe za namna ipasayo: rimu ya chuma hutaka zenye mdomo wa mshazari, na rimu nyingi za alumini za Toyota hutaka zenye shingo na washa bapa. Zikibadilishwa hazishiki. Kazeni nati kwa kuvuka upande huu na upande huu, kwa nguvu iliyotajwa katika kitabu cha gari.

Kisha, baada ya kama kilomita 100, zikazwe tena. Hapa ndipo wengi hukosa, maana hukaza nati za nje tu. Nati za ndani za adapta hazionekani. Sharti magurudumu yote yatolewe ndipo spana izifikie. Gari likiwa juu ya jeki, litikise gurudumu juu na chini kabla hujalitoa, na likicheza, beringi zatakiwa kuangaliwa. Kazi yote haizidi asubuhi moja, nayo ifanywe nyumbani kabla ya kupakia abiria.