KUMUUGUZA ASKARI NI KAZI



Vita vikiisha, magazeti huandika habari za majenerali na mikataba ya amani. Habari za mke anayemgeuza mumewe kitandani usiku wa manane haziandikwi. Askari aliyepoteza miguu, au aliyeumia kichwa, akitoka hospitali hurudishwa nyumbani, na tangu siku hiyo kazi ya kumuuguza huwa ya jamaa zake. Humwogesha, humlisha, humpa dawa kwa saa zake, na humchunga asije akajidhuru. Kazi hii haina zamu wala Jumapili, na kwa miaka mingi haikuwa na malipo. Hebu tuangalie jinsi Marekani ilivyoitungia sheria, maana ndani yake mna funzo kwetu sisi wafanyakazi.

Likizo bila mshahara

Mwaka 1993 Marekani ilipitisha sheria ya likizo ya familia na ugonjwa. Mfanyakazi anayeuguza mzazi, mtoto, mume au mke alipewa haki ya kukaa nyumbani wiki 12 kwa mwaka bila kupoteza kazi yake. Mwaka 2008 sheria hiyo iliongezwa: mwenye kumuuguza askari aliyeumia kazini alipewa wiki 26. Mwaka uliofuata, jamaa za askari waliokwisha kuacha jeshi nao wakaingizwa, mradi askari huyo awe ameacha jeshi ndani ya miaka mitano.

Ni hatua nzuri, lakini tuitazame vizuri. Likizo hiyo haina mshahara. Tena haimhusu mfanyakazi wa kampuni ndogo yenye watu chini ya 50. Mama mwenye kodi ya nyumba ya kulipa ataishije wiki 26 bila senti? Na jeraha la ubongo halijui wiki 26. Wahenga walisema, mwenye kovu usidhani kapoa.

Sheria ya mwaka 2010

Katika vita vya Iraq na Afghanistan, madaktari waliwaokoa askari wengi ambao katika vita vya zamani wangekufa. Walirudi hai, lakini wengine hawakuweza tena kujitunza. Jamaa zao na vyama vya askari wa zamani walipiga kelele bungeni, na tarehe 5 Mei, 2010, Rais Barack Obama alitia sahihi sheria ya kuwasaidia.

Kwa sheria hiyo, jamaa mmoja anayemuuguza askari hupewa posho ya kila mwezi. Kama hana bima ya matibabu, hupewa. Hufundishwa namna ya kuuguza, hupewa ushauri akizidiwa na mawazo, na hupata mtu wa kumshikia kazi angalau siku 30 kwa mwaka ili naye apumzike.

Hata hivyo sheria iliwagawa watu. Msaada huo ulikuwa kwa askari walioumia tangu tarehe 11 Septemba, 2001 tu. Mke wa askari wa Vietnam, aliyemuuguza mumewe miaka 40, hakuupata. Je, jeraha la mwaka 1968 lina maumivu madogo kuliko la mwaka 2004? Wenye kudai hawakunyamaza. Mwaka 2018 ilipitishwa sheria nyingine ya kupanua msaada huo. Walioumia tarehe 7 Mei, 1975 na kabla yake waliingizwa Oktoba 2020, na waliobaki katikati wakaingizwa Oktoba 2022. Kutoka sheria ya kwanza hadi mlango kufunguliwa kwa wote ilipita miaka 12, na wazee wengi walifariki wakingoja.

Posho si mshahara

Hapa ndipo penye jambo kubwa kwetu. Tangu mwaka 2020 posho hiyo hupimwa kwa kiwango cha mshahara wa mtumishi wa serikali wa ngazi ya chini, kulingana na mahali anapoishi askari. Askari asiyeweza kabisa kujitegemea, mwuguzi wake hupata kiwango chote. Wengine hupata asilimia 62.5. Yaani serikali yenyewe imekubali kwamba kazi hii ina thamani ya mshahara.

Lakini sheria hiyo hiyo inasema wazi kwamba mwenye kupokea posho si mwajiriwa wa serikali. Kwa kuwa posho si mshahara, haikatwi mchango wa pensheni ya uzeeni. Mwanamke akiacha kiwanda akiwa na miaka 35 na kumuuguza mumewe miaka 20, miaka hiyo 20 katika daftari la pensheni ni tupu. Siku mumewe akifa, atakuwa na miaka 55, hana kazi, na uzee unabisha hodi.

Funzo kwetu

Katika kazi yangu ya chama nimewahi kumtetea mama aliyeandikiwa barua ya utoro kwa sababu alikuwa akimuuguza mumewe, askari wa zamani. Meneja aliuliza, "Kwani yeye ni daktari?" Swali hilo ndilo linaloulizwa kila mahali, na sisi lazima tuwe na jibu lililoandikwa kwenye karatasi.

Jibu lipo. Mwaka 1981 Shirika la Kazi la Kimataifa lilipitisha Mkataba Namba 156, unaotaka mfanyakazi mwenye wajibu wa kutunza jamaa asibaguliwe, wala wajibu huo usiwe sababu ya kumwachisha kazi. Kila tawi lifungue mkataba wake na mwajiri na kuuliza mambo matatu. Je, ipo likizo ya kuuguza? Ina malipo? Na anayeitumia hurudi kwenye nafasi yake, pensheni yake ikiendelea kuhesabiwa?

Kama hakuna, tuyapeleke kwenye mazungumzo yajayo. Jamaa za askari wa Marekani hawakupewa sheria kwa huruma. Waliidai, wakapata nusu, wakarudi kudai iliyobaki.

Umoja ni nguvu!